Mstari wa Nne

Mwaka wa fedha ulikuwa unaisha Ijumaa, na katika karakana ile ya kushona sare za shule hakuna aliyehangaika nao isipokuwa Bi Senti. Jina hilo walimpa mafundi kwa sababu hasamehi hata senti moja, na wala hakuwahi kulikasirikia. Yeye ndiye aliyeandaa mishahara. Na mwisho wa mwaka, jamani, ni kazi juu ya kazi: viwango vya kodi vimebadilika, kima cha chini kimepanda, na kila mfanyakazi lazima athibitishwe upya, mmoja mmoja, ndipo orodha ya mwaka mpya ikubali kufunguka. Kaka yake, mwenye karakana, alichungulia mlangoni akauliza mambo yamefika wapi. Akamjibu bado kidogo tu.

Hicho kidogo kilikuwa mstari wa nne, mstari wa mwanawe.

Alikuwa mwanawe wa pekee, mkataji wa vitambaa, na karakana nzima ilimwita Mluzi kwa sababu mkasi wake haukwenda bila mluzi. Lori lilimgonga miezi minane iliyopita, saa kumi jioni, akivuka barabara kurudi nyumbani na pakiti ya maziwa ya mtoto.

Siku ya mshahara Bi Senti husimama mlangoni mwa ofisi na bahasha zake, akiita majina kwa kufuata orodha. Ni lazima ujibu "nipo" ndipo upewe. Hata kama umesimama mbele ya pua yake, usipojibu huna chako. Mluzi peke yake alijibu kwa mluzi, na mama mtu akinuna kwa uongo na kumwambia bahasha haisikii mluzi, watu wakafa kwa kicheko. Mwisho kabisa huitwa mjukuu, binti wa Mluzi, mwenye miaka mitatu. Naye hunyoosha mkono juu, husema "nipo", na kupewa bahasha yenye biskuti mbili.

Mwezi wa kwanza baada ya mazishi, kompyuta ilimtaka Bi Senti aeleze kwa nini mtu wa mstari wa nne halipwi. Sababu zilikuwa zimepangwa achague, na kufariki ilikuwemo. Kidole kikagoma. Akachagua likizo bila malipo, akijiambia ni mwezi huu tu. Kompyuta ikatoa hati ya mshahara yenye sifuri toka juu hadi chini, na kila mwezi uliofuata ikanakili yenyewe. Kila hati akaitia kwenye bahasha, akaandika jina la mwanawe, akaifungia kwenye droo. Sasa bahasha zilikuwa nane. Hapo ndipo alipopatia nguvu ya kuamka asubuhi, msimcheke.

Alhamisi mchana mkwewe akaingia, mtoto mgongoni. Kwa miezi yote hiyo mwanamke yule alikuwa akifuatilia mafao ya mumewe kwenye mfuko wa pensheni, na huko wakimpiga danadana: leo jalada halijakamilika, kesho mwenye jalada yuko safarini. Bi Senti mwenyewe aliwalaani wale watu mara ngapi, akisema hawana hata chembe ya huruma kwa yatima, na mkono wake umelalia droo ileile. Je, alijua? Alijua kama mtu anavyojua kwamba paa linavuja katika chumba asicholala.

Safari hii mkwe hakuketi. Karani mpya wa mfuko alikuwa amemgeuzia kompyuta ajionee kwa macho yake orodha iliyotumwa na karakana.

"Mama," alisema, "wananiambia mume wangu yuko likizo."

Bi Senti angeweza kuisingizia mashine, na nani angebisha? Maneno yalishafika kwenye ulimi. Akayameza. Alifungua droo, akazipanga bahasha nane juu ya meza. Mkwe akafungua ya kwanza, akasoma zile sifuri. Akafungua ya pili. Ya tatu hakuigusa.

"Nilishindwa kumwandika, mwanangu. Nisamehe. Kila nikijaribu nilishindwa."

Mkwe akakaa chini, akalia, na mtoto kwa kumwona mama yake analia naye akaanza. Baadaye akaeleza, polepole, mambo aliyokuwa akimficha mama mkwe ili asimwongezee uchungu. Kitanda alishauza. Kodi ya nyumba ina deni la miezi mitatu na mwenye nyumba hataki tena kusikia kitu. Jumamosi baba yake anakuja na gari kuwachukua, na kwao ni mbali, mwendo wa siku nzima. Bi Senti akamsihi wahamie kwake, leo hii, atalala yeye chini. Mkwe akatikisa kichwa. Chumba ni kimoja, na baba alishaambiwa.

"Nilizisubiri zile pesa ili nisiende, Mama. Nilitaka mtoto akulie karibu na wewe."

Hakulisema kwa hasira, na afadhali angelisema kwa hasira. Bi Senti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akavuta kiti mbele ya kompyuta, mkwe akasimama nyuma yake. Akachagua kufariki. Akaandika tarehe, ile tarehe, tarakimu kwa tarakimu, machozi yakidondokea vidole. Orodha ikajipanga upya papo hapo: watu kumi na mmoja wakawa kumi, na mama mtia vifungo akapanda mstari wa nne. Kazi ya dakika moja ambayo yeye aliikimbia miezi minane! Jioni mfuko ukajibu kwamba wamepokea orodha mpya, na malipo yatatoka baada ya siku tisini.

Ijumaa alijikaza kisabuni akaita majina. Baada ya la tatu akanyamaza, na mafundi wakanyamaza naye, hakuna aliyekohoa. Ndipo akamwita mtia vifungo. Akajibu nipo kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Jumamosi asubuhi magodoro yalishafungwa juu ya gari. Mkwe alimkumbatia mama mkwe wake kwa nguvu na kumwambia hana kinyongo, na hilo nalo likamchoma. Mtoto alishaketishwa kiti cha nyuma. Bi Senti akatoa bahasha mfukoni, akasimama dirishani, akaita jina lake lote, la kwake na la baba yake, kama siku ya mshahara.

Mkono mdogo ukanyooka juu. "Nipo."

Akampa biskuti zake, na gari likaondoka. Lilipokata kona Bi Senti aliita tena jina lilelile, kwa sauti ileile ya mlangoni mwa ofisi, akabaki kasimama barabarani akisubiri ajibiwe.