Ishirini na Mbili Juu ya Saba

Asubuhi ya Alhamisi Karwirwa alifungua mwongozo wa mwalimu akiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa bila kunywewa. Ukurasa ulisema pai si namba wiano. Haiandikiki kama akisami, namba nzima juu ya nyingine, hata ujaribu mpaka uzeeke. Na Jumanne alikuwa amewaandikia gredi ya kumi ubaoni, kwa kujiamini kote, kwamba pai ni ishirini na mbili juu ya saba, kwa hiyo ni namba wiano. Watoto arobaini na wanane walikuwa wameshanakili.

Kosa la mwalimu si jambo geni, na ubao hufutika. Lakini kandarasi yake na bodi ya shule ilikuwa inaisha kesho, na mwalimu mkuu, Marete, alikuwa ameahidi kuketi darasani kwake leo saa nne ndipo aamue kama atamwandikia nyingine. Baya zaidi, kosa lenyewe alilirithi kwa huyo huyo Marete. Ndiye aliyemfundisha hesabu katika shule hii hii ya Ruiri, akiwaimbisha darasa zima, "Pai ni ishirini na mbili juu ya saba, mwisho." Nusu ya wazazi wa Ruiri waliuimba wimbo huo walipokuwa wanafunzi wake. Kuusahihisha mbele yake ni kumvua mzee nguo watoto wakitazama. Karwirwa aliogopa.

Akaamua kuliruka. Angefundisha kipeuo cha pili cha mbili, kengele ilie, pai ingojee wiki ijayo kandarasi ikiwa imeshasainiwa. Uoga nao una akili zake.

Marete aliingia, akajibana kwenye dawati la nyuma, akachukua daftari la mwanafunzi wa karibu na kulipekua. Kidole chake kilisimama kwenye ukurasa wa Jumanne. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Karwirwa aliona heri angekaripiwa.

Hapo ndipo Aaliyah alipoinua mkono. Huyu ni binti wa Idrisi mwenye bucha, mtoto asiyeamini mizani mpaka aikague mwenyewe.

"Madam, mimi nimegawanya hiyo ishirini na mbili kwa saba. Inajirudia tu. Lakini pai ya kalkuleta haijirudii. Sasa pai ni ipi?"

Marete akainua macho. Jibu la kuponea likamjia Karwirwa ulimini: tutaliangalia baadaye. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini daftari la Aaliyah lilikuwa wazi mbele yake, na msichana alikuwa ameandika 142857 mara kumi na moja, ugawanyaji ukijaza ukurasa mzima, akingojea aone kama itachoka. Mtoto aliyetaabika hivyo hafichwi kitu.

"Nilikosea Jumanne," alisema. Akawaeleza. Desimali ikifika mwisho, au ikijirudia kama hiyo ya Aaliyah, jua kuna akisami nyuma yake. Pai haifiki mwisho wala haijirudii. Ishirini na mbili juu ya saba ni jirani yake tu, tunamtuma badala yake kwa kuwa yu karibu. Akawaambia wafute.

Mmoja wa dirishani akanong'ona kwamba hata babake huimba hivyo. Marete alifunga daftari, akainuka, akatoka, na kengele ilikuwa bado dakika ishirini. Karwirwa alimaliza kipindi akiandika namba asizoziona.

Kisha akaitwa ofisini. Kandarasi ilikuwa mezani, chini ya kiganja cha Marete, bila sahihi. Alimwambia aketi, kisha akasukuma mbele yake kitabu cha majedwali ya hesabu kilichochakaa pembe.

"Kipeuo cha pili cha mbili," alisema. "Mwongozo unasema si namba wiano, lakini jedwali linasema 1.414. Hiyo ni 1414 juu ya 1000. Si akisami hiyo?"

Karwirwa alidhani ni mtego. Lakini maji alishayavulia nguo. Akamwomba azidishe 1.414 kwa yenyewe. Marete alizidisha kwa mkono, polepole, akapata 1.999396. Akaongeza tarakimu, akazidisha 1.4142. Ikakaribia mbili, haikufika. Akajaza karatasi ya pili, na kila alipopungukiwa alikuna shingo. Jedwali lilikuwa limekata tu mkia wa namba ili ienee kwenye kisanduku chake.

"Miaka ishirini na sita nafundisha," alisema hatimaye. "Na gredi ya kumi B ni yangu, kesho asubuhi. Hiyo mada nimekuwa nikiikimbia tangu Januari."

Akavuta kandarasi, akaitia sahihi bila kuisoma. Karwirwa alingoja furaha, haikuja. Mzee aliyekuwa akimtisha tangu akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa anangoja somo, na yeye akaingiwa na hofu ngeni kabisa, kwa maana hakujua mtu humfundishaje mwalimu wake.

Marete aliinuka mwenyewe akaenda kufunga mlango.

"Anza mwanzo," alisema. "Na upunguze sauti, karani yuko hapo nje."