Nondo Asiyekuwemo Orodhani

Wifi yangu hajawahi kunipendelea hata siku moja. Yeye ndiye mhakiki wa nondo katika eneo letu. Ukimwona nondo, wale jamaa wa vipepeo wanaopenda taa, unampelekea picha, tarehe na mahali, naye anakubali au anakataa kumwingiza kwenye orodha ya nondo wa hapa. Kwa miaka sita nimempelekea, na mara nne nilidhani nimepata mgeni. Zote nne alinikatalia bila kupepesa macho. Nami nilitaka kitu kimoja tu: niandikwe orodhani, japo mara moja, kuwa wa kwanza kumwona nondo fulani hapa kwetu.

Asubuhi moja nilifungua mtego wangu wa taa nyuma ya chumba cha cherehani. Ndani huwa naweka trei za mayai ili nondo wajibanze kukikucha. Nikamkuta mmoja wa kijani, mwenye mstari mweupe ulionyooka kuliko mshono wangu. Nikamtia kwenye kopo tupu la vidonge, kopo nikaliweka kwenye friji ili atulie, nikampigia wifi.

Alikuja na lenzi yake, akamtazama mpaka chai ikapoa. Akakiri kwamba huyu hajawahi kuandikwa hapa. Kisha akauliza kama wiki hiyo nilipokea mzigo wowote. Ningeweza kukana. Lakini majora ya vitambaa yalikuwa yamefika juzi tu kutoka ng'ambo, nikamwambia.

"Basi huyu huenda ni abiria," alisema. "Abiria hatumwandiki. Nionyeshe kwamba wanazaliana hapa; atakayeona dalili ya kwanza ndiye anayeandikwa."

Nilinuna. Hata hivyo tukatoka, mawifi wawili watu wazima, tukapekua ua wa nyuma jani kwa jani. Magoti yaliuma, na tulicheka kila tulipogongana vichwa. Mara akasimama kwenye kichaka kimoja. Nilimwona akiinama na lenzi, akitabasamu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi hapa sijaona kitu," alisema. "Hebu angalia wewe, wifi."

Chini ya jani walikuwepo viwavi watatu wa kijani, wenye mstari uleule mweupe, wamenenepa. Viwavi wakubwa namna ile hawakuwa wa juzi.

Kwenye nafasi ya aliyeona kwanza aliandika jina langu, kwa mkono wake. Miaka ishirini namjua, na ule wa pale kichakani ndio uongo wa kwanza kumsikia akisema. Niliupokea kwa mikono miwili.