Kibali cha Siku Tatu

Asubuhi ya siku ya tatu, mkunga mstaafu alisimama kando ya gari, bahasha ya makaratasi kaikumbatia kifuani, akimsomea mdogo wake masharti ya kibali. Mdogo wake alikuwa uvunguni mwa gari, miguu tu ikionekana. Alikuwa fundi, na watu walimwita Spana tangu ujanani, hata baadhi ya ndugu walikuwa wamelisahau jina alilopewa na baba yake.

Kibali kilisema kwamba gari lisilosajiliwa linaruhusiwa kuendeshwa kutoka yadi ya mnada hadi nyumbani kwa mnunuzi, kwa barabara iliyotajwa, kwa kwenda tu, bila abiria wala mzigo ila dereva na mnunuzi mwenyewe, mwendo usizidi hamsini. Kilikuwa cha siku tatu, mwisho saa kumi na mbili kamili jioni. Siku ya kwanza ilimezwa na betri. Ya pili ilimezwa na mkaguzi, aliyekuwa msibani.

"Bima?" Spana aliuliza kutoka chini.

"Ninayo."

"Namba za muda?"

"Umezibandika mwenyewe jana."

"Basi soma tena pale pa barabara, dada."

Akasoma tena. Barabara iliyotajwa ilipita njia panda ya tangi la maji, ambayo Spana hakuwa ameikanyaga kwa miaka tisa. Akienda popote, alizunguka kwa kukatiza mashambani. Akakaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Lilikuwa gari la wagonjwa. Lililetwa kama msaada miaka kumi na moja iliyopita, jipya kabisa, kwa ajili ya zahanati aliyofanyia kazi mkunga. Hati moja ilikosa sahihi. Ofisa aliyepaswa kutia sahihi akahamishwa, na aliyemrithi akasema hawezi kutilia sahihi kitu ambacho hakukipokea yeye. Kwa mujibu wa taratibu hakukosea. Bila sahihi hakuna namba, na bila namba gari haliingii barabarani. Kwa hiyo kila mkunga alipopiga simu kuomba gari, alijibiwa kwa upole kwamba gari lipo, linasubiri namba. Mwishowe liliuzwa mnadani kama chuma chakavu, viti vikiwa bado na nailoni na mita ikisoma kilomita thelathini na nane. Mkunga alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Mke wa Spana alikuwa na mimba ya miezi minane, na mkunga alikuwa ameapa kwamba hatazika wifi mwingine.

Waliondoka saa mbili. Spana aliendesha akiwa ameuinamia usukani kama anayeusikiliza. Alibadilisha gia pasipo haja, akafuta kioo kisicho na vumbi, akamuuliza dada yake saa ngapi, na baada ya dakika tano akamuuliza tena. Mkunga naye alitoa makaratasi kwenye bahasha, akayapanga, akayarudisha. Saa saba walipita mbele ya lango la hospitali ya wilaya. Zilikuwa zimebaki kilomita kumi na tisa kufika nyumbani.

Baada ya kilomita mbili walimkuta mwanamke amesimama kando ya barabara, bahasha ndogo mkononi. Mkunga alimjua, kwa maana alihudhuria mazishi yake. Spana akasimamisha gari. Mwanamke alitoa barua yake ya rufaa, na mkunga akautambua mwandiko. Aliiandika mwenyewe, na juu yake alikuwa ameandika HARAKA na kupiga mistari miwili.

"Kibali kinasema bila abiria," mkunga alimwambia.

"Mimi si abiria, mama mkunga. Mimi mgonjwa."

Mkunga akakipitia kibali. Wagonjwa hawakutajwa.

"Lakini hospitali iko huko nyuma, nasi tumeruhusiwa kwenda tu."

Mwanamke akafikiri, kisha akasema kusubiri umekaa si sawa na kusubiri umesimama. Akafungua mlango wa nyuma, akapanda.

Mbele kidogo alikuwepo seremala, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao alivyovichonga mwenyewe. Kisha mzee wa pumu, kisha msichana aliyeumwa na nyoka na mama yake mdogo aliyemsindikiza, ambaye alikuwa hai siku ile ya nyoka lakini naye alifariki baadaye kwa maradhi yake. Walifika saba. Kila mmoja alikuwa na barua, na kila barua ilikuwa na mwandiko uleule na mistari miwili. Baada ya barua ya nne mkunga aliacha kuzisoma. Alizipokea tu na kuzitia katika bahasha ya kibali, hadi bahasha ikachanika pembeni.

Darajani palikuwa na kizuizi. Askari alichungulia, akahesabu, akahesabu upya.

"Hawa nyuma ni nani?"

"Marehemu, afande," mkunga akasema.

Askari alisema marehemu husafirishwa kwa kibali cha maiti, kila mmoja na chake. Mkunga akamjibu kwamba maiti hulala, na hawa wamekaa. Askari akachungulia tena. Kweli walikuwa wamekaa, na seremala alikuwa akibandua nailoni ya kiti kwa ukucha. Akawadai vitambulisho, akaelezwa kwamba vilirudishwa serikalini walipozikwa. Hapo akaenda kumpigia simu mkubwa wake. Mkubwa alikuwa chakulani, na alipotoka chakulani akaingia kikaoni.

Saa nane ikapita, na saa tisa, na saa kumi. Spana alilizunguka gari, akapiga teke kila gurudumu, akafungua boneti, akaifunga. Alimfuata askari mara tatu kumwonyesha saa, na mara zote tatu askari alikubali kwamba muda unakwenda. Saa kumi na mbili kasorobo mkubwa alipiga simu, akauliza swali moja tu, kama watu wale wamo katika daftari la walio hai. Hawamo. Basi gari halina abiria, akasema mkubwa. Askari akaandika kwenye kitabu chake "gari tupu", akawaonya kwamba kizuia tope cha nyuma kimelegea, akainua kizuizi.

Penye njia panda ya tangi la maji Spana alikanyaga breki kabla hajaambiwa. Mke wake wa kwanza alikuwa amekaa juu ya gunia ambalo Spana alimtandikia miaka tisa iliyopita, kabla ya kukimbia kutafuta usafiri. Tumbo lake lilikuwa vilevile, la miezi tisa.

"Umekawia," akasema.

"Niliambiwa gari linasubiri namba."

"Limepata?"

"Bado."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa mvua haijanyesha. Akanyoosha mkono, Spana akamwinua. Alikuwa mzito kama siku ile. Akiwa bado amemshika, Spana alimwambia, macho yakiwa kwenye viatu vyake mwenyewe, kwamba ameoa.

"Najua. Hupita hapa na ndoo. Ana adabu, salamu yake haikosi."

"Hajaniambia hata siku moja."

"Angekuambia ungekuja kukaa hapa na mimi. Nani angefanya kazi?"

Mkunga alishuka akampisha wifi yake kiti cha mbele, akaenda kukaa nyuma na wengine. Spana alitaka kuzidisha mwendo, akakumbuka sharti la kibali, akabaki hamsini. Waliingia uani kwa mkunga saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Saa kumi na mbili kamili injini ikazimika yenyewe.

Majuma matatu yaliyofuata Spana alilipekua gari hadi skrubu ya mwisho. Betri ilikuwa nzima, mafuta yalifika, cheche zilitoka. Hakuna kilichoharibika ila siku za kibali. Mkunga alikwenda ofisini kuomba usajili. Alielezwa kwamba gari limeshaandikwa chuma chakavu, na chuma chakavu hakisajiliwi. Aliomba kibali kingine cha muda, akaambiwa kibali hutolewa kwa gari linalokwenda nyumbani, na hili limeshafika.

Marehemu waliendelea kukaa ndani ya gari. Hawakusumbua. Mke wa Spana aliye hai aliwafagilia, na mchana wa jua kali alifungua milango wapate hewa. Yeye na mke mwenzake walizoeana. Walilinganisha miguu iliyovimba, na kumsema Spana jinsi anavyokoroma.

Uchungu ulimshika saa tatu asubuhi. Mkunga alimpima, akanawa mikono polepole, akatoka nje. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, sawasawa na yule wa kwanza. Gari jingine pale kijijini lilikuwa lori la mbao, nalo lilikuwa safarini. Alipiga simu hospitali. Sauti ya upole ikamjibu kwamba katika orodha yao eneo lile tayari lina gari lake, kwa hiyo hawawezi kutuma jingine.

Spana aliingia garini akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha mpaka kiganja kikachubuka. Kisha akalaza kichwa kwenye usukani.

Mke wake wa kwanza akamgusa bega.

"Achana na ufunguo. Waache wenzangu wafanye kazi, wamekaa sana."

Wakashuka wote saba. Seremala alifungua vipande vya mbao mguuni, akavisogeza pembeni. Mzee wa pumu akavua koti. Wakamlaza mgonjwa kitandani mwa gari. Mke wa kwanza akabaki ndani, maana hali yake haikumruhusu kusukuma, akamshika mwenzake mkono. Spana alishika usukani. Gari likatoka uani bila mlio, likaingia barabarani.

Walisukuma kilomita kumi na tisa, hakuna aliyehema. Kwenye milima mkunga alisikia sauti ya wifi yake wa kwanza, ikimwambia mwenzake asisukume bado, avute pumzi. Darajani askari alisimamisha gari akauliza kibali. Mkunga akamwambia haliendeshwi, linasukumwa. Askari akatafuta katika kitabu chake, hakuona sharti la kusukuma, akainua kizuizi.

Walifika saa saba na nusu. Mgonjwa akapasuliwa, na mtoto akatoka akilia. Alikuwa wa kike, na mama yake alipona.

Mkunga alijaribu kuwaandikisha na wale wengine, kwa kuwa hatimaye walikuwa wamefika. Karani wa mapokezi akazipanga barua zao mezani, akazisoma zote kwa makini, akaeleza kwamba barua ya rufaa hudumu siku kumi na nne. Wakamshukuru wakarudi garini. Mke wa kwanza hakuwa ameshuka.

"Ni wa kike au wa kiume?" aliuliza.

"Wa kike," Spana akasema.

"Mwambie mama yake ampe maziwa yote mawili. Asizoee upande mmoja."

Tangu hapo wamesukuma wagonjwa kumi na sita, na kumi na watano wamepona. Yule mmoja naye sasa husukuma. Mwaka huu ofisi ilileta barua ikisema kwamba, kwa kuwa eneo limethibitika kuwa na usafiri wa wagonjwa, maombi ya gari yamefungwa. Mkunga aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kupima mjamzito aliyekuwa akimngoja.

Spana bado hawezi kukaa bure. Kila asubuhi, kabla ya chai, huinua gari kwa jeki, gurudumu moja baada ya jingine, akapaka grisi, akalizungusha kwa kidole kusikiliza. Mke wake wa kwanza humtazama kutoka dirishani. Akimuuliza kama limepata namba, humjibu bado, kisha huhamia gurudumu linalofuata, ili wanaosukuma waone wepesi.