Kapu Lililoishia Ghalani

Nchi ya Manyoya ilikuwa na sheria nzuri, na Mfalme Korongo alipenda wageni wasimuliwe habari zake kabla hawajakaribishwa kuketi. Mama yeyote aliyelea vifaranga peke yake alipewa mtama wa Mfalme kila siku ya gulio, kibaba kilichojaa, wala hakuulizwa imekuwaje hata akabaki peke yake. Maswali yalianza pale Bata Mzinga alipoteuliwa kuwa Waziri wa Ghala.

Bata Mzinga alikuwa na kifua kikubwa, na hofu yake ya ghala kupungua ilikuwa kubwa zaidi. Akatunga kanuni. Mama apokeaye kibaba sharti amtaje baba wa watoto. Baba naye sharti alete kapu la chakula, lakini si kwa watoto. Alilete langoni mwa ghala, kufidia mtama wanaokula. Na mama akipokea chochote mkononi mwa baba, kibaba chake kitakatwa kwa kadiri hiyo hiyo.

"Ili asile mara mbili," alieleza barazani, na wajumbe wakapiga mbawa kwa furaha, kwani wao walikuwa wametoka kula mara ya tatu.

Siwatu, kwale mwenye vifaranga wanne, alimtaja baba yao bila kinyongo. Mbwana alikuwa akiishi ng'ambo ya kijito tangu walipoachana. Yapo mengi waliyogombania, lakini watoto hawakuwamo. Mvua zilipoanza, Mbwana alidamka kukusanya kumbikumbi kwenye vichuguu, akawapeta mbawa zikatoka zote, akajitwika kapu hadi ghalani. Kila alipolitua langoni alijisikia baba kamili.

Siku moja akapita kuwasalimu wanawe. Mdogo wao, Mize, alimtazama juu mpaka chini.

"Baba, wenzetu baba zao wakija huwa na kitu mdomoni. Wewe mbona huleti kitu?"

Mbwana alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akamgeukia Siwatu. "Hawa hawajala kumbikumbi wangu?"

"Kumbikumbi gani, Mbwana? Ulete usilete, kibaba ni kile kile. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kapu lako linalipia mtama tuliokwisha kula."

"Na kumbikumbi wenyewe wanakwenda wapi?"

"Hilo sikujibiwa. Niliambiwa nipishe foleni."

Mbwana hakulala vizuri. Wote hao aliowatoa ardhini kwa kucha zake, na mtoto wake anamwona mikono mitupu! Kulipopambazuka hakwenda ghalani. Alikwenda kuwaita watoto.

"Leo siwaletei kitu," aliwaambia. "Njooni mjilie wenyewe."

Akawapeleka kichuguuni, akakwangua, kumbikumbi wakabubujika. Vifaranga walikula wakakanyagana, wakaanguka, wakainuka na kula tena. Mize alishiba hadi akashindwa kuinama. Siwatu alisimama kando, mdomo wake haukugusa hata mmoja, kwa kuogopa kanuni. Lakini alicheka, na Mbwana hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka. Majirani waliona. Mvua iliyofuata, kila kichuguu kilikuwa na baba na watoto wake, na langoni mwa ghala hapakutuliwa kapu lolote.

Siwatu akaitwa barazani.

Mfalme Korongo alikuwa ameketi na wajumbe wake kuzunguka sinia la kumbikumbi waliokaangwa. Nje ya ua walikuwa wamejaa akina mama, na nyuma yao, kwa haya kidogo, akina baba.

"Mtukufu," alianza Bata Mzinga, "mama huyu ameficha pato. Vifaranga wake wamenenepa bila kibali."

"Ni kweli wamenenepa?" aliuliza Mfalme.

"Ni kweli, Mtukufu," alisema Siwatu. "Nimekuja nao uwaone."

Akawasogeza vifaranga karibu naye. Mvua zingekatika, kumbikumbi wangekwisha, na bila kibaba asingekuwa na la kuwapa.

"Basi kibaba kifutwe!" alisema Waziri. "Kanuni iko wazi. Alichotoa baba hukatwa kwa mama."

"Mimi sikupokea kitu, bwana Waziri. Walikula wao. Ukitaka kukata, ukate matumboni mwao."

Mbwana akasogea mbele, akainamisha kichwa. "Mtukufu, sikatai kulea watoto wangu. Kulea ghala ndiko kulikonishinda."

Wajumbe waliacha kutafuna. Siwatu akalitazama sinia.

"Mtukufu, niwie radhi. Hicho mnachokula ni kitu gani?"

Mfalme akatazama sinia kana kwamba limewekwa wakati huo huo. Akamtazama Waziri. Bata Mzinga akameza haraka, akapaliwa, akakohoa ubawa mmoja mdogo uliopepea na kutua juu ya kifua chake.

"Ni… ni akiba ya taifa," alisema.

Aliyeanza kucheka hajulikani hadi leo. Kicheko kilitoka nje kikaingia ndani, kikawapata walinzi, kikampata mjumbe mmoja aliyekuwa bado na chakula mdomoni. Mfalme Korongo alijua kushughulikia hasira za raia. Alikuwa na walinzi wa kazi hiyo. Kicheko hakuwa amekiandalia chochote. Alisubiri kiishe, hakikuisha. Mwishowe akapaza sauti juu yake:

"Kapu la baba liende kwa mtoto! Kibaba cha mama kibaki kama kilivyo! Haya, nendeni!"

Asubuhi yake njia zote za Manyoya zilijaa akina baba waliobeba vitu midomoni: kumbikumbi, minyoo, mbegu. Wengine walikuwa wamejificha misimu mingi kwa kuogopa kutajwa, hata vifaranga wakawauliza mama zao wale ni akina nani. Siwatu na Mbwana waligombana tena siku hiyo hiyo, kuhusu kumbikumbi asiyepetwa vizuri, na watoto wakaendelea kula.

Barazani, Bata Mzinga alitangaza kwamba kurejea kwa akina baba ni tunda la usimamizi wake madhubuti wa ghala. Mfalme akamvisha nishani. Akina mama wa Manyoya walialikwa kuja kushangilia, lakini hakufika hata mmoja. Ilikuwa saa ya kula.