Mwendo wa Picha Kumi na Mbili

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Septemba 2015, saa moja na nusu asubuhi. Joto lilikwisha kufika nyuzi thelathini na nne, na unyevu ulikuwa mwingi kiasi kwamba vioo vya ukumbi vilitoka jasho kwa nje. Ignatius alivifuta kwa kitambaa, akaingia ndani, akasimama mbele ya picha aliyoijua kuliko uso wake mwenyewe.

Ukumbi huo ulikuwa katika mtaa wa Al Garhoud, huko Uarabuni, chini ya hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege. Kwa wiki tatu ulikuwa na maonyesho ya picha za mwendo zilizopigwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini iliyopita. Siku hizo hakuna aliyejua kwa hakika jinsi farasi anavyopanga miguu akikimbia. Wapigapicha walisimamisha kamera kwa mstari na kutandaza nyuzi nyembamba njiani. Farasi alipozikata, kamera zilipiga moja baada ya nyingine. Ndipo farasi alipoonekana yuko hewani, kwato zote nne zimeacha ardhi. Baadaye watu nao walipigwa picha: mwanamke aliyebeba ndoo, mwanamume aliyepanda ngazi, hata wagonjwa.

Ignatius alikuwa mlinzi, Mganda wa Masaka, mwenye miaka arobaini na mitatu. Mwezi wa Julai aliteleza kwenye ngazi ya basi la kampuni, akaangukia goti la kulia. Hakumwambia msimamizi. Kampuni haikuwaongezea mkataba walinzi wanaochechemea, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Saa tatu asubuhi hiyo msimamizi angekuja kumtazama akitembea. Akipita, angepata miaka miwili mingine, na miaka miwili ndiyo iliyobaki kwa binti yake Daphine kumaliza masomo ya uuguzi. Asipopita, angerudi nyumbani.

Picha aliyoizoea ilikuwa picha kumi na mbili katika fremu moja: mwanamume mzima wa afya akitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake ilining'inia nyingine, ya mgonjwa wa mguu. Ignatius alikuwa amesimama kati ya hizo mbili kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, na mlinzi akisimama hana pa kupeleka macho. Siku ya tano aliona jambo. Mgonjwa hakuuharibu mwendo kwa mguu mbovu. Aliuharibu kwa mguu mzima: aliushusha upesi, kabla ya wakati wake, ili kuuokoa ule mbovu. Basi dawa ilikuwa moja. Mguu mzima usubiri. Goti bovu libebe mwili kwa muda ule ule ambao mwanamume wa juu aliubeba, hata likiwaka moto.

Tangu siku hiyo alijifunza kila asubuhi kabla ya wageni, akihesabu kimoyomoyo.

“Bado unamsumbua huyo mzee wa watu?” sauti ilisema nyuma yake. “Mzungu wa wenyewe amechoka kutembezwa.”

Alikuwa Annah, mhudumu wa mapokezi, Mkenya wa Kitale. Katika ukumbi huo ni yeye peke yake aliyejua habari za goti.

“Namwuliza ameliweka wapi goti lake, dada.”

“Amekujibu?”

“Ananipa ubavu tu.”

Annah aliweka mkoba mezani, akaketi. “Haya, tembea nikuone. Yalla.”

Ignatius alitembea. Moja, mbili. Moja, mbili. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga, maumivu yalipanda hadi nyongani, naye akayasubiri yashuke ndipo ainue mguu.

“Miguu iko sawa,” Annah alisema. “Aki, mtu angeapa ni askari wa gwaride. Lakini huo uso, kaka! Miguu imepona, uso umebaki hospitali.”

Ignatius alicheka, na kicheko kikamchosha. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi haukuiondoa. Alichoka kuhesabu hatua akienda msalani. Alichoka kuhesabu kwenye ngazi za jengo lao kule Al Nahda, ambako walilala wanane chumbani na kila mmoja alikuwa na macho.

“Ungemwambia tu ukweli,” Annah alisema.

“Ukweli una tiketi ya ndege, dada.”

Justus aliingia saa tatu na dakika kumi, shati limegandana na mgongo. Alikuwa Mkenya pia, msimamizi wa malindo kumi na moja, na mkononi alishika fomu za watu tisa zilizotakiwa ofisini kabla ya adhuhuri.

“Mzee Ignatius. Habari za lindo?”

“Salama, sir.”

“Hatuna muda. Tembea kutoka hapa mpaka kwa yule farasi.”

Ignatius alivuta pumzi. Alianza kwa mguu wa kulia, kama mwanamume wa pichani. Moja, mbili. Hakulitazama goti. Aliuachia uso ulegee. Hatua ya nane, ya tisa, ya kumi. Annah alijifanya anapanga vipeperushi, na kila kipeperushi alikipanga mara tatu. Hatua ya kumi na mbili ilimfikisha kwa farasi.

“Vizuri kabisa,” Justus alisema, kalamu ikigusa karatasi. “Geuka, urudi.”

Ignatius alisimama. Kwa zaidi ya wiki mbili alikuwa amemfuata mwanamume yule kutoka kushoto kwenda kulia. Akimaliza, alisimama, akapumzika, akajivuta polepole hadi mwanzo na kuanza upya. Hakuwahi kugeuka akiwa mwendoni. Aliuzungusha mwili juu ya mguu wa kulia, kama mtu yeyote angefanya. Goti lilikunjika. Alishika ukuta kwa viganja vyote viwili, chini kidogo ya kwato za farasi.

Justus alishusha kalamu.

“Tangu lini?” Justus aliuliza.

“Julai, sir. Ngazi ya basi letu.”

“Uliripoti?”

“Hapana.”

“Na kule kutembea ulijifunza wapi?”

Ignatius alionyesha picha kwa kidevu. Justus aliisogelea, akaifuata kwa kalamu, moja hadi kumi na mbili, bila kugusa kioo.

“Huyu anageuka lini?”

“Hageuki, sir. Picha zinaisha.”

Justus alisugua macho. “Mzee wangu, nikikupitisha watakupeleka maegesho ya Deira, ghorofa nne za kuzunguka kwa miguu, mchana kutwa. Kabla ya Krismasi utakuwa huinuki kitandani. Na fomu ina sahihi yangu.”

“Nipe mwaka mmoja tu, bosi.”

“Si mimi ninayetoa miaka.” Alisema hivyo bila ukali. “Nitaandika umeumia kwenye basi la kampuni. Hilo hawawezi kulikwepa. La kupita, siwezi.”

“Khalas, yameisha,” Ignatius alisema.

Justus alijaza fomu papo hapo, akatia sahihi, akaenda kwenye lindo lililofuata. Annah aliandika kwa mkono wake kwamba aliwahi kuambiwa habari za kuanguka, akaipeleka karatasi ofisini mchana. Lakini kabla ya hapo aliwafungulia mlango wageni wa kwanza wa siku. Kampuni ilimpeleka Ignatius kliniki mara moja tu, ikamfunga goti, na haikumwongezea mkataba. Yeye siku hiyo alimaliza zamu akichechemea waziwazi, akampigia simu Daphine saa mbili usiku, na tarehe tatu Oktoba akapanda ndege kurudi Entebbe. Daphine aliomba ruhusa ya mwaka mmoja chuoni, akaanza kazi katika duka la dawa.