Skrubu Mbili za Plagi

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye vidole vilivyojaa alama ndogo za kuungua, na kila mtu alimwita hivyo tu, Fundi, hata wifi yake. Riziki yake ilikuwa magitaa ya umeme yaliyochoka. Kaka yake ndiye aliyeyatafuta, akayanunua na kuyauza; yeye kazi yake ilikuwa kuyarudishia uhai. Kaka huyo mtaa mzima ulimpa jina la Chapuo, maana akianza kusifia bidhaa, hata mtu aliyeingia kuuliza njia alitoka dukani na kitu mkononi.

Siku moja Chapuo alirudi na gitaa jekundu na amplifaya nzito, vyote amevitoa kwa bendi moja iliyosambaratika baada ya wanamuziki wake kununiana. Fundi alilishika gitaa, akafumba jicho moja, akaiangalia shingo yake kwa urefu.

"Kaka, hii shingo au upinde?"

"Ndiyo maana nina mdogo wangu," Chapuo akacheka. "Mimi naleta maiti, wewe unafufua."

Fundi alilifanyia kazi siku nne. Alikaza chuma kilichofichwa ndani ya shingo, robo mzunguko kwa siku, akiuacha mti upumue, kwani mti ukilazimishwa hupasuka. Alizipiga msasa freti zilizolika, vile vyuma vyembamba vya shingoni, hadi zikalingana. Alipofungua kifuniko cha nyuma alikuta vumbi, buibui aliyekauka, na waya wa pikapu moja, kile kinasa sauti cha nyuzi, umekatika, akaulehemu. Vitufe vya sauti vilikuwa vikikwaruza kama kuku anayechakura, akavisafisha vikanyamaza. Kisha akatia nyuzi mpya, akachomeka kwenye ile amplifaya, akapiga. Sauti ilitoka nene, yenye joto, ikajaa chumba. Fundi alitabasamu peke yake.

Hapo ndipo kiwiko chake kilipogusa nondo ya dirisha, na kitu kikamng'ata vidole vilivyokuwa kwenye nyuzi. Kilikuwa kidogo tu, kama siafu, lakini alilijua jambo lile. Alizima, akachukua tesita, akachunguza. Gitaa halikuwa na kosa. Umeme ulikuwa unavuja ndani ya amplifaya, unaingia kwenye bati lake, na kutoka hapo unafuata waya wa gitaa hadi kwenye nyuzi. Tena kwenye plagi, ile njiti ya ethi ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kwa hiyo umeme uliovuja haukuwa na njia ya kushuka ardhini. Ungesubiri mtu wa kupita mwilini mwake.

Alimwita kaka yake, akamwonyesha.

"Hii isiuzwe," alisema. "Niachie niifungue yote. Nahitaji wiki."

"Wiki nzima kwa sababu ya kijiplagi?"

"Si plagi tu, kaka. Inavuja ndani. Inaua hii."

"Sawa, sawa. Usiniharibie siku. Itakaa pembeni."

Kesho yake asubuhi aliingia mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mtu mpole, mfupi, aliyepigia kwaya yao gitaa la kuazima kwa miaka. Alipoliona lile jekundu alisimama ghafla kama mtu aliyemwona mchumba wake wa zamani. Fundi alimketisha, akamtazama anavyoshika. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vikijinyoosha kwa taabu. Fundi akazishusha nyuzi kidogo, akasogeza daraja la nyuzi, akampa ajaribu, akalichukua tena, akashusha tena. Mara ya tatu Mwalimu alipiga wimbo mzima macho yamefumba. Alipomaliza alisema, "Fundi, kumbe miaka yote hii sikuwa mzito. Gitaa ndilo lilikuwa zito."

Kwa neno hilo Fundi aliona siku yake imekamilika.

Alipotoka kunawa mikono alimkuta Mwalimu mlangoni, gitaa mgongoni, na ile amplifaya miguuni pake. Chapuo alikuwa anaifunga kamba. Kwenye ncha ya waya kulikuwa na plagi mpya, nyeupe pe.

Fundi alimvuta kaka yake kando. "Umefungua ndani?"

"Nimeshaishughulikia."

"Lini? Jana nilikuacha hapa saa kumi na moja."

"Nimesema nimeshaishughulikia! Unataka niape mbele ya mteja?"

Fundi aliitazama ile plagi. Ilikuwa na skrubu mbili tu, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Mwalimu alikuwa anamchekea kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Chapuo alikuwa amekunja uso. Fundi akasema, "Nenda salama, Mwalimu," akarudi ndani.

Siku ya tisa habari zilifika dukani kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa kwenye mazoezi ukumbini. Alisimama kupiga, mkono wa kushoto umeshika shingo ya gitaa, akanyoosha wa kulia kuvuta maikrofoni. Umeme ulimnasa. Mkono wa kushoto ulijifunga kwenye nyuzi, hakuweza kuuachia, hadi mmoja wa waimbaji alipochomoa waya ukutani. Alikuwa hai, hospitalini. Moyo ulikuwa umepigapiga ovyo lakini sasa umetulia. Vidole vya kushoto vilikuwa vimeungua hadi ndani.

Mwenyekiti wa kwaya mwenyewe ndiye aliyevileta vile vyombo, akavitua mlangoni kama mtu anayetua jeneza.

"Poleni sana," Chapuo aliwahi kusema. "Lakini mwenyekiti, ule ukumbi wenu, nyaya zake za tangu enzi za babu. Mimi vyombo vyangu vyote vinapimwa hapa. Muulizeni Fundi."

Mwenyekiti alimgeukia Fundi. Fundi aliitazama ile plagi nyeupe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwenyekiti akakichukua kile kimya kuwa jibu. "Ndivyo tulivyofikiri," alisema. "Yule fundi umeme wa ukumbi tumeshamsimamisha kazi. Ana watoto watano, lakini tufanyeje?"

Alipoondoka, Fundi alikaa sakafuni, akatoa bisibisi, akafungua zile skrubu mbili. Waya wa ethi ulikuwepo. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukafungwa utepe mweusi, haukuunganishwa popote. Alifungua na mgongo wa amplifaya. Vumbi la miaka lilikuwa limelala ndani, halijaguswa hata na kidole.

"Nilikuwa na haraka," Chapuo alisema nyuma yake. Sauti yake haikuwa ya Chapuo tena. "Sikujua kama mambo yangefika huko."

"Nilikwambia inaua."

"Wewe kila kitu kinaua! Kila siku uniambie kinaua, nitajuaje cha kweli ni kipi?" Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa. "Mdogo wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Amepona, Mungu mkubwa. Tunyamaze."

"Hayakumwagika maji, kaka. Ni mkono wa mtu. Na kuna mwingine amesimamishwa kazi kwa kosa ambalo si lake."

"Nani aliacha shule baba alipofariki, ili wewe usome? Nani alikununulia chuma chako cha kwanza cha kulehemu? Leo unataka kunipeleka kwa watu wanichane? Kweli fadhila ya punda ni mateke."

Fundi alijua yote hayo ni kweli. Alilia bila kelele, kisha akaikata ile plagi pamoja na kipande cha waya, akaitia kwenye mkoba, akatoka. Chapuo alimwita mara moja tu.

Mwalimu alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mkono wa kushoto umefungwa mkubwa kama mto. Mama yake mzazi alikuwa pembeni akimpepea. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," kisha akaiweka plagi juu ya shuka na kueleza yote: siafu, tesita, waya uliokunjwa. Hakumtaja kaka yake zaidi ya ilivyobidi, wala hakumficha.

Mama aliacha kupepea. "Kwa hiyo mwanangu mlimuuzia kifo, mkamfungia na kamba."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu alikuwa bado anaitazama plagi. "Wewe ulijua?"

"Nilihisi."

"Mimi nafundisha hesabu, Fundi. Kujua na kuhisi si kitu kimoja."

Fundi alikubali kwa kichwa. "Kwamba ilikuwa mbovu, nilijua. Kwamba haikutengenezwa, ningejua kama ningefungua. Sikutaka kumwaibisha kaka mbele yako. Sikufungua."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Mama akasema taratibu, bila kupandisha sauti, "Sasa nenda." Akaenda. Kutoka hospitali alipitia kwa mwenyekiti wa kwaya, akayasema yale yale, na ilikuwa rahisi kidogo kwa sababu tayari alikuwa ameshayasema mara moja.

Fundi umeme wa ukumbi alirudishwa kazini wiki ile ile. Chapuo aliitwa kituoni, akahojiwa, akakubali, na duka likafungwa kwa amri. Aliporudi alibadilisha kufuli la duka. Fundi alivikuta vifaa vyake barazani kwake, vimepangwa vizuri ndani ya boksi, bila neno. Wakikutana njiani, Chapuo huvuka upande wa pili. Wifi ndiye huja kwa siri, akikaa dakika mbili tatu, akisema, "Hali chakula vizuri, kaka yako," kisha huondoka.

Fundi alianza kufanya kazi chumbani kwake, meza karibu na kitanda. Wateja walipungua. Wapo waliosema ana mkosi, wapo waliosema mtu anayemsema nduguye atamwacha nani.

Mwezi wa nne tangu ajali ile, mlango uligongwa. Alikuwa Mwalimu, amelibeba lile gitaa jekundu, ambalo mwenyekiti alikuwa amelitoa dukani kabla duka halijafungwa. Hakukaa alipokaribishwa. Alinyoosha mkono wa kushoto: vidole viwili vilikuwa vimenyooka kama vijiti.

"Hivi havikunjiki tena. Lakini kushika kile kibapa cha kupigia nyuzi vinaweza," alisema. "Gitaa linaweza kugeuzwa? Nishike kwa kulia, nipige kwa kushoto?"

"Linaweza. Nitachonga upya mfupa unaobeba nyuzi, nigeuze daraja, nihamishe na kitufe cha mkanda."

"Fanya." Akasita. "Sijakusamehe, ujue. Nimetafuta fundi mwingine, sikumpata."

"Najua, Mwalimu."

Alikuja kulichukua Jumamosi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akalipakata upande usio wake, akajaribu. Nyuzi zilitoa sauti butu, iliyokatika katikati, kama ya mtu anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza maishani. Alijaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Fundi alitamani kutazama pengine lakini hakutazama pengine.

"Uzi wa tatu unagonga freti," Mwalimu alisema mwishowe.

"Nimeusikia. Niachie hadi kesho."

Alimpa gitaa, akavaa viatu vyake mlangoni, akainama kufunga kamba kwa mkono mmoja na vidole vitatu vya mwingine. Fundi hakumsaidia, kwa kuwa hakuombwa. Mwalimu alipokwisha kuondoka, Fundi aliwasha taa ya mezani, akatafuta tupa yake nyembamba.