Karamu ya Kumuaga Darcie

Elwin Coombs hakuwa mtu wa kununua nyama nene. Huyo ni mkono wa birika aliyekubuhu. Viatu vyake vya mpira vina viraka juu ya viraka, misumari iliyopinda huinyoosha kwa nyundo akairudisha koponi, na kitu chochote alichokigharamia mtu mwingine akikiona kinatupwa humwuma kama kimetoka mfukoni mwake. Sasa Alhamisi hiyo ya mwezi wa Agosti akaingia jikoni na furushi la bucha, akalitua mezani mbele ya mkewe. Ndani mlikuwa na steki tatu, kila moja unene wa kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Umeota nini, Elwin?" Merrilyn akamwuliza. "Au daktari kakwambia umebakiwa na wiki moja?"

"Mtoto anaondoka, bibie. Tumuage kama watu. Kambakoche nitawaleta mimi."

Merrilyn akageukia sinki, maana macho yalikuwa yameanza kumchoma. Darcie ndiye mtoto wao pekee, msichana wa miaka ishirini na sita, na kesho yake saa tatu asubuhi bwana mmoja kutoka kusini angekuja na trela kuichukua boti yake. Boti ikishauzwa, Darcie angekwenda mjini kusomea kazi ya hospitali. Alikuwa amevua kambakoche misimu mitatu tu. Msimu wa kwanza alivua kama mtu aliyezaliwa ndani ya boti. Wa pili, madema yake, yale makasha ya kutegea kambakoche, yakaanza kupotea, na wa tatu vivyo hivyo.

Mtu wa pwani ile haelezwi maana yake. Unakwenda alfajiri kuvuta dema, unakuta boya halipo, kamba haipo, dema liko chini kabisa na hutaliona tena. Yaani kuna mtu anakwambia toka. Hakwambii usoni, hakuandikii barua. Anakuondolea kamba, na wewe unahesabu. Darcie alihesabu ishirini, kisha arobaini, kisha siku moja ya Julai mwaka jana akahesabu sitini na moja. Siku hiyo alirudi gatini analia kwa sauti mbele za watu, na baba yake akamkumbatia palepale juu ya mbao, mbele ya bandari nzima.

"Ni Royce Pettengill," Elwin akasema. "Nani mwingine? Maji yake yanapakana na ya Darcie. Mzee yule hajawahi kumpenda mwanamke juu ya maji."

Basi likawa neno la nyumba nzima. Tangu siku hiyo salamu kwa Royce zikakoma. Mkewe Royce, Ardith, alipofariki mwezi wa Aprili mwaka huu, Darcie hakwenda kuzika, na Ardith ndiye aliyemfundisha kupiga kasia akiwa na miaka sita. Merrilyn naye hakupeleka hata pai moja nyumbani kwa wafiwa. Katika bandari ile, jamani, hata adui hupelekewa pai.

Saa tisa na nusu Elwin akarudi kutoka gatini na sanduku la kambakoche. Akaliweka kibarazani nyuma, akapiga mluzi, akapanda juu kuoga. Merrilyn alikuwa ameshateka maji ya bahari kwenye sufuria kubwa, ameshaosha viazi, ameshazitoa steki kwenye jokofu zipungue baridi na kuzitia chumvi. Akatoka na beseni.

Kifuniko cha sanduku kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kamba. Akafungua fundo, akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili, mkubwa, anapigapiga mkia, magando yamefungwa mipira. Ile kamba ilikuwa imebaki mkononi, na alipotaka kuitupa pembeni kidole gumba chake kikapita juu ya kitanzi kilichosukwa mwishoni. Kidole kikasimama.

Merrilyn hutumia mkono wa kushoto. Kamba akiisuka yeye, nyuzi zake hulala upande ambao za mtu mwingine yeyote bandarini hazilalii, na wanawake wenzake wamemcheka kwa hilo miaka thelathini. Baridi iliyopita alikaa kando ya jiko Januari nzima na Februari nzima, akamsukia Darcie vitanzi vya madema yote mapya yaliyofidia yale yaliyopotea. Na katika kila kitanzi cha chini, kile kinachoshika dema lenyewe, alipitisha uzi mwekundu wa sufu. Ilikuwa dua yake ya kimama tu, hakumwambia mtu isipokuwa Darcie.

Uzi mwekundu ulikuwepo. Alikaa juu ya ngazi akauangalia.

Akajaribu kumtetea mumewe, Mungu anajua alijaribu. Labda kaiokota ufukweni. Lakini mkata madema hukata juu, karibu na boya, akakimbia. Kinachookotwa ufukweni ni cha juu. Kitanzi cha chini huzama pamoja na dema. Ili ukipate hiki kizima, bila jeraha la kisu, lazima ulivute dema lote mpaka ukingoni mwa boti, ukifungue kwa vidole bila haraka, halafu ulisukume dema lirudi chini tupu. Nani duniani angejitaabisha hivyo? Nani angeiba huku akiona uchungu kupoteza kamba?

Alimjua. Amelala naye miaka thelathini na moja.

Elwin aliposhuka nywele zilikuwa zimechanwa kwa maji, amevaa shati la Jumapili. Merrilyn alikuwa amesimama mbele ya jiko, na kamba iko mezani kati ya viazi na siagi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ipi?" Akaitazama. "Aa, hiyo. Niliiokota pwani."

"Hii ni ya chini, Elwin."

Maji ya sufuria yalikuwa yameanza kuchemka na kifuniko kinagongagonga. Elwin akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa jambo dogo, "Ingekuwa hasara kuiacha. Kamba mpya kabisa."

"Ngapi?"

"Merrilyn, punguza sauti..."

"Nimekuuliza ngapi!"

"Zote," akasema. "Za mwaka jana na za mwaka huu. Ziko kwenye banda la Lyle."

Lyle alikuwa mdogo wake Elwin. Miaka kumi na moja iliyopita mguu wake ulinaswa na kamba ya dema, ikamvuta chini, na Elwin ndiye aliyemvuta juu, maiti, kwa mashine ileile ya kuvutia madema. Elwin akavuta kiti akakaa, akanyoosha mikono yake mezani.

"Nilimtoa Lyle kwa mikono hii. Siwezi kumtoa mtoto, Merrilyn. Nilimwambia aache, nilimwambia mara mia, kanicheka. Ningefanyaje? Nimfunge kwa mnyororo?"

"Ungekuwa mwanaume, ukagombana naye uso kwa uso mpaka mmoja wenu achoke!"

"Kesho saa tatu boti inaondoka. Mtoto anabaki hai. Basi, yamekwisha. Atanisamehe kitu asichokijua." Akamshika mkono. "Na wewe usiku wa upepo ulikuwa hulali. Usijifanye. Nakusikia unavyoomba."

Hapo ndipo alipompata. Ilikuwa kweli. Kila upepo ulipogeukia kaskazini mashariki, Merrilyn aliomba mwanawe arudi nchi kavu asitoke tena. Alimchukia Elwin muda ule, alimchukia kwa moyo wote, na bado sehemu fulani ya moyo huohuo ilikuwa inasema, kesho tu, nyamaza mpaka kesho, mtoto atakuwa hai. Akauvuta mkono wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akawaweka kambakoche sufuriani, vichwa vikitangulia, akafunika.

Akapika. Mtu akishindwa kuamua, mikono huwa na kazi yake. Kikaango cha chuma akakiacha mpaka kikatoa moshi, akazilaza steki, zikalia. Akazigeuza mara moja tu, akatia siagi na kitunguu saumu, akawa anaichota siagi ya moto na kuimwagia nyama juu, mara hii, mara hii. Akazitoa zipumzike. Kambakoche walikuwa wamekuwa wekundu. Akayeyusha siagi nyingine kwenye vikombe vidogo vitatu.

Saa kumi na moja mlango wa wavu ukafunguliwa. "Nasikia harufu ya nyama ama nimerukwa na akili?" Darcie akaingia, mahindi mabichi kwapani, akamwona baba yake na shati la Jumapili. "Khaa! Baba kauza figo?"

"Kaa, mwanangu, kaa," Elwin akasema. Alicheka, huku anamtazama Merrilyn.

"Mama, mbona umenuna?"

"Moshi," Merrilyn akasema. "Hebu menya hayo mahindi."

Wakakaa. Wakala. Darcie alivunja magando kwa mikono mitupu kama alivyofanya tangu mdogo, akachovya nyama kwenye siagi, akasifu steki, akamtania baba yake kuhusu bei. Kisha akatulia, akafuta vidole.

"Nimepita kwenye boti kuiosha," akasema. "Nikakaa tu. Mama, nilijiona mjinga. Nilikuwa naikwangua sakafu na kesho si yangu. Ningekuwa sijui kazi, ningekubali. Lakini mimi najua kazi. Hilo ndilo linaloniua. Najua kazi, na mtu mmoja ameamua tu."

Elwin akanyanyua glasi yake. Labda aliyaogopa maneno hayo, labda alijiona ameshavuka. "Tumshukuru Mungu kwa mtoto huyu," akasema. "Na huyo Royce Pettengill, Mungu atamlipa. Sisi tumwachie Mungu."

Ebo! Merrilyn akaweka uma chini. Kunyamaza angeweza kunyamaza. Kusikia jina la yule mzee aliyefiwa likitiwa kinywani juu ya nyama aliyoikaanga yeye, hilo hapana.

"Si Royce," akasema.

"Merrilyn," Elwin akasema.

"Si Royce, Darcie. Ni baba yako. Alivuta madema yako moja moja, akafungua kamba, akayatupa chini. Kamba zako ziko kwenye banda la Lyle. Moja ilifungia sanduku la hawa kambakoche tunaokula, na uzi wangu mwekundu umo."

Darcie akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja mzaha uishe. Akamtazama baba yake. Elwin alikuwa anaitazama sahani yake.

"Baba?"

"Nilitaka uishi," Elwin akasema.

"Siku ile ya sitini na moja," Darcie akasema polepole, "ulinishika pale gatini. Nililia mpaka shati lako likalowa."

"Na mimi nililia, mwanangu. Haki ya Mungu nililia."

"Na asubuhi ile ulikuwa unatoka wapi?"

Elwin akaisukuma sahani yake kando.

"Sikumzika Ardith," Darcie akasema. "Nilipita nje ya kanisa na gari, nikaongeza sauti ya redio."

Akasimama, akatoa simu mfukoni, akampigia yule bwana wa kusini hapohapo mezani. "Usije kesho," akamwambia. "Haiuzwi. Hapana, wala keshokutwa." Akakata. Merrilyn akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu saa tisa na nusu. Boti imebaki, aliwaza. Nimemrudishia mwanangu alichonyang'anywa. Akainuka na kumnyooshea mikono.

Darcie hakuja. "Mama, wewe umejua lini?"

"Leo! Leo tu, naapa. Nilipofungua sanduku."

"Saa ngapi?"

Merrilyn angeweza kudanganya. Wallahi ingekuwa rahisi. "Saa tisa na nusu," akasema.

Darcie akatazama saa ya ukutani, juu ya jiko. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Akatazama steki yake iliyoliwa nusu, magamba mekundu, kikombe cha siagi.

"Nimekuja nimekukuta unajua," akasema. "Nikakuuliza mbona umenuna, ukaniambia moshi. Ukanipa nimenye mahindi."

"Darcie, nilikuwa sijui niseme vipi..."

"Umenitilia siagi, mama."

"Nimekwambia! Si nimekwambia? Nimesema mbele yake!"

"Ndiyo. Baada ya kula." Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Merrilyn kuliko kelele. Alichukua koti lake kwenye msumari. "Nakwenda kwa Royce. Sijui nitamwambia nini, lakini nakwenda. Halafu nitalala kwenye boti."

"Nitakusukia kamba nyingine," Merrilyn akasema. Alikuwa anamfuata mpaka mlangoni, aproni imejaa mafuta. "Zote. Naanza kesho, sihitaji hata baridi ifike. Zote nitakusukia upya, mwanangu."

"Usijisumbue. Nitanunua za dukani, zilizosukwa na mashine."

Mlango wa wavu ukajipiga nyuma yake. Merrilyn akasimama pale, pua karibu na wavu, akimwangalia mwanawe akipanda kilima kuelekea nyumba ya Royce, na akangoja ageuke nyuma japo mara moja. Hakugeuka.